Nahodha Tunayemjua

Mtafsiri wa filamu katika ukumbi wa video mjini Kasongo hukohoa kwanza, ndipo aanze kuwasemea wahusika kwa Kiswahili, na mikrofoni yake haiguswi na mtu mwingine. Jumapili alileta filamu ya chombo cha angani, nahodha wake mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona katika filamu nyingine. Wachimba dhahabu waliojaa ukumbini wakaanza kuinuka: "Huyu ni nani? Hatumujue!" Akakohoa, akampa nahodha sauti ya Mama Pélagie, muuza samaki aliyeketi nyuma, nahodha akilikemea zimwi lililoshika usukani: "Weye, kama haununue, ondosha mukono!" Wakaangua kicheko, wakaketi. Chombo kilipotua salama, ukumbi mzima ukageuka kumpigia Mama Pélagie makofi. Mtafsiri akampelekea mikrofoni. Mama akakaza kitenge: "Muliogopa nini? Si ni miye niko naendesha!"