Ng'ombe Waliosafiri kwa Maneno

Nilipokwenda Geita mara ya kwanza nilikuwa nimemwacha binti yangu kwa baba yangu, karibu na Shinyanga, na si kwa kupenda. Mume wangu alikuwa amenichukua bila mahari. Yeye hakuwa na ng'ombe hata mmoja, mimi nilikuwa na haraka ya ujana, basi tukajijengea kibanda na kuanza maisha. Kwa desturi yetu Wasukuma, mtoto anayezaliwa kabla ng'ombe hawajatolewa ni wa ukoo wa mama yake. Baba alisubiri mtoto aache kunyonya, kisha akaja kumchukua kwa upole kabisa, huku akituulizia habari za mvua. Akataja idadi ya ng'ombe aliowataka. "Siku wakiingia zizini kwangu, mtoto wenu mtamchukua," akasema. Hakuwa mtu mbaya. Nilimchukia hata hivyo.

Miaka ya hamsini ilikuwa ndiyo inaanza, na vijana waliokwenda migodini walirudi na baiskeli na suruali mpya. Sisi hatukutaka baiskeli. Tulitaka ng'ombe wa kumkomboa mtoto, basi. Tukafunga mizigo.

Kupata hela ugenini si kazi kubwa kama watu wanavyodhani. Kazi ni kukaa nazo. Njia yenyewe inazila, ukifika mahali pa kulala zinaliwa tena, na ukijisahau unakuta umefika uendako huna hata ya chumvi. Kwa hiyo lori tuliliacha lipite na vumbi lake, tukatembea. Nilibeba michembe, vile viazi vitamu tunavyovikata na kuvianika juani hadi vikauke kama mbao, ambavyo mtu akivitafuna njiani hawezi hata kusema, na hilo kwa mume wangu lilikuwa faida nyingine. Kila tulipoomba malazi, mimi niliuliza mwenye nyumba ana mtama wa kutwanga, na mume wangu aliuliza kama kuna jembe lililolegea mpini. Tukala jioni bila kutoa senti. Wapo waliotucheka kwamba tunasafiri kama mafundi waliofukuzwa kazi. Nikawaacha wacheke.

Mgodini mume wangu aliajiriwa kushuka chini ya ardhi kupakia mawe. Alipewa posho ya unga na maharage, na mimi nikawa napika uji wa kuuza asubuhi pale njia ya wafanyakazi ilipopita. Wateja wangu walitoka kila pembe ya nchi. Wengine walisali kanisani, wengine msikitini, na wote walipenda kukopa. Sikukopesha mtu. Walinipa jina baya kwa ajili hiyo, na sitalitaja hapa. Msimu wa kulima ukifika, watu wa kwetu walikuwa wakirudi nyumbani kusalimia. Sisi tulibaki, maana kwenda na kurudi kungemeza mshahara wa miezi mingi. Nilijiambia kwamba kila msimu ninaobaki ni hatua moja kumwelekea mtoto.

Tuligombana juu ya jambo moja tu, lakini tuligombana kweli. Mimi nilitaka hela zikae ndani ya mto wa kulalia, nilikozishonea. Mume wangu hakuweza kulala juu yake. "Karatasi hizi hazizai, mayu," alikuwa akiniambia, kwa jina hilo la heshima wanaloitwa akina mama kwetu, na alilitumia hasa alipokuwa na jambo la kunikasirisha. Siku moja ya mapumziko akaenda kutembea upande wa ziwa, sehemu ambazo pori limefyekwa na watu wanafuga, akarudi akitabasamu. Alikuwa amenunua mtamba, jike ambaye hajazaa bado. Mto wangu ulikuwa umekonda.

Mume wangu aliweza mambo mengi, lakini si kumpita ng'ombe mzuri akiwa na hela. Alinieleza rangi yake, pembe zake, jinsi alivyosimama. Alimwacha kwa mfugaji yuleyule aliyemuuzia, amtunzie, na maziwa yawe malipo yake. Nikamuuliza swali moja: atafikaje kwa baba? Kati ya Geita na kwetu kulikuwa na pori la mbung'o, na wakati wa kuja walikuwa wametuuma hadi migongo ikavimba. Mtu anapona. Ng'ombe akiumwa na mbung'o anakonda, anatoa machozi, kisha anakufa. Jirani yetu mmoja alikuwa amejaribu kuwapitisha wake, na tulijua kilichowapata.

"Nitapata njia," mume wangu akasema.

Alisema hivyo kwa ng'ombe wa pili, na wa tatu pia. Mshahara ukitoka, anakwenda ziwani. Majirani wakawa wananiuliza kama nimeanza mazoezi ya kuwabeba kichwani. Ikafika siku ng'ombe walikuwa wametimia idadi aliyoitaja baba, wanene, wawili wakiwa na mimba, na mtoto wangu alikuwa mbali nami vilevile kama siku tuliyoondoka. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Nilikuwa nikikoroga uji nalia, na moshi nikausingizia.

Mume wangu alikuwa na rafiki aliyeshuka naye shimoni, kijana wa Ngokolo, pale Shinyanga. Alikuwa amempenda msichana wa Kizinza wa hukohuko Geita, na baba wa msichana alitaka ng'ombe. Kijana huyo ng'ombe alikuwa nao, walikuwa kwa kaka yake huko Ngokolo, naye akawalilia mbung'o walewale tuliowalilia sisi. Alikuja kwetu kula mchana mmoja, wakakaa wawili hao wakihesabu majani ya pori lile, huyu akisikitikia ng'ombe wake walio huku, yule walio kule, na ugali ukipoa. Nikachoka.

"Badilishaneni, basi, mtuache tule!"

Wakanitazama. Kisha wakatazamana. Hakuna aliyenishukuru, waliendelea na mazungumzo kana kwamba wao ndio waliofikiri, na kabla ya kunawa mikono walikuwa wameshakubaliana.

Lakini ndoa ya kijana ilikuwa karibu, kwa hiyo ng'ombe wetu ilibidi watoke kwanza. Sisi tungeondoka na maneno matupu. Hakuna kati yetu aliyejua kuandika, na hata angejua, kaka wa Ngokolo hakujua kusoma. Niliogopa sana. Nilimketisha kijana yule chini nikamwambia anitajie ng'ombe wake mmoja mmoja: huyu mweusi mwenye tumbo jeupe, yule wa kijivu, huyu mama yake alivunjika mguu kwenye lambo akachinjwa, na mguu wa nyuma akapewa shangazi. Nikavikariri vyote njiani kurudi. Mume wangu alivikariri pia, nami nikawa namsahihisha.

Kaka yake tulimkuta akirekebisha boma. Alitusalimia vizuri. "Mhola?" "Mhola duhu," tukaitikia kwamba ni salama tu. Akatupa viti, akasikiliza ujumbe wote bila kukatiza. Nikamweleza rangi, nikamweleza lambo, nikamweleza shangazi. Alitikisa kichwa polepole.

"Na huyo mwenye tumbo jeupe," akauliza, "ndama wake ana rangi gani?"

Mume wangu akanitazama. Habari za ndama kijana hakuwa ametupa kabisa. Nilitamani kutaja rangi yoyote, nyeusi, nyekundu, yoyote ile itakayompendeza. Nikakumbuka hasira zangu zote za kule Geita, na nikaona kwamba mtoto wangu amesimama juu ya jibu hili.

"Sijui, kaka," nikasema. "Hakutuambia."

Akacheka hadi akashika mbavu. "Angewaambiaje? Huyo ndama amezaliwa mdogo wangu akiwa hukohuko Geita. Ungetaja rangi, ningejua mmeokota habari zetu sokoni." Akamwita mkewe atuletee maziwa. Asubuhi akatutolea ng'ombe, naye mwenyewe akatusindikiza hadi tulipoziona kaya za kwetu.

Tuliingia kwa baba tukiwaswaga, mume wangu mbele ameshika fimbo, akitembea kama mtu mwenye shamba kubwa. Baba alitoka. Alizunguka kila ng'ombe, akapapasa nundu, akatazama meno, na nilimwona anatafuta kasoro na kufurahi kwa kuikosa. Wakaingia zizini. "Mtoto wenu huyo hapo," akasema, akionyesha kwa kidevu.

Msichana alikuwa amesimama mlangoni kwa mama yangu na kibuyu mkononi. Niliondoka akiwa anayumba kwa kutembea, na sasa alikuwa anachota maji. Alikuja akapiga magoti mbele yangu, "Shikamoo," kwa adabu zote za kumsalimia mgeni. Nikaitikia marahaba.

Ndipo mama yangu alipotoka jikoni. Aliangalia zizi, akamwangalia baba, akaniangalia mimi.

"Ng'ombe ni wa baba yako," akasema. "Mimi nimelala na huyu mtoto kitanda kimoja, nimemkanda kwa homa, nimemtafunia chakula. Wangu wako wapi?"

Baba aligeuka akajifanya anafunga lango. Miaka yote ile nilikuwa nimepanga nani atalipwa nini, nikaibana hata senti ya uji, na mama yangu sikumweka popote katika hesabu. Na hapakuwa na desturi ya kunielekeza. Nilimtazama binti yangu akisogea nyuma ya kanga ya bibi yake na kuishika kwa mkono mmoja.

Hatukumchukua siku ile. Mume wangu, ambaye nimemsema sana hapa, ndiye aliyeingia mjini kuuza baiskeli aliyopewa na ndugu yake kulipia deni, akanunua miti, akajenga nyumba upande wa pili wa mbuga, mahali ambapo mtu akiita anasikika. Hakurudi tena Geita. Mtoto alikula kwetu na kulala kwa bibi yake, na baadaye akala kwa bibi yake na kulala kwetu, na mimi nilijifunza kutomuuliza sababu. Aliniita dada, kama alivyosikia wadogo zangu wakiniita, na hata alipokuwa msichana mkubwa hakubadilisha.

Siku tuliyomzika mama yangu, nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake. Binti yangu alipita katikati yao, akaketi karibu nami, akaniegemea begani. "Mama," akasema. Nikaitika, na nililia kwa ajili ya mama yangu, na kwa ajili ya furaha ambayo nilikuwa naionea aibu mbele ya watu.