Siku Niliyomshika Mkwe Wangu Mkono

Siku ile kwenye chumba cha kuoshea tulikuwa wanne. Mimi. Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa tatu. Mwoshaji mwenzangu, mama wa Iringo, ambaye mumewe na marehemu mume wangu walivuaga dagaa mtumbwi mmoja. Na msimamizi wetu, binti wa kutoka Dar, hana undugu na yeyote. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, lakini niliwaahidi sitayaandika.

Kampuni ni kubwa, ya dawa na chanjo. Sisi tulikuwa kituo chake cha nje kidogo ya Bunda, ukishapita Manyamanyama. Ng'ombe akifa ghafla huko vijijini, damu yake inaletwa kwetu kwenye vichupa, wasomi wanatafuta kilichomuua. Wakimaliza, vichupa vinakuja chumba chetu. Mkwe anamwaga damu iliyobaki kwenye ndoo ya dawa, anavichemsha, mimi naviosha. Kwa kazi hiyo darasa la nne lilinitosha.

Sheria ni kwamba kabla ya kuingia mnakaguana wawili wawili. Unamshika mwenzako mikono, unainua glavu kwenye taa uone kama ina tundu, unamfunga koti mgongoni, halafu unaweka tiki kwenye fomu. Msimamizi akanipanga na mkwe. Sasa mimi nimshike mkwe mikono? Kwetu mkwe humtazami usoni, hata njiani mnapishana kila mtu na upande wake. Ningemweleza yule binti, lakini niliona haya, na kazi nilikuwa naihitaji. Basi kila asubuhi tuligeuziana migongo, kila mtu akajifunga mwenyewe, tukaweka tiki. Miezi ikapita hivyo.

Hata kuongea tuliongeaga kupitia ndoo.

"Ndoo, mwambie mama anisogezee sabuni."

"Ndoo, mwambie sabuni imeisha."

Mama wa Iringo alicheka mpaka barakoa ikamshuka. "Hiyo ndoo si muiombee ajira! Inafanya kazi kumshinda msimamizi."

Siku hiyo vichupa vilikuja na utepe mwekundu, kutoka upande wa Butiama. Mwekundu maana yake wanashuku kimeta. Mimi kimeta nakijua. Nilipokuwa msichana, jirani yetu alimchuna ng'ombe aliyejifia. Kidonda cheusi kikamtoka mkononi, wala hakikumuuma, na wiki haikuisha tukamzika.

Mkwe alikuwa anamwaga. Akasimama ghafla, akavua glavu ya kulia, akaangalia kidole gumba. Juzi yake alikuwa amejikata na waya wa uzio. Kitambaa alichofungia kidonda kilikuwa kimelowa wekundu, na haikuwa damu yake. Glavu ilikuwa imechanika penye gumba, mpasuko mdogo kama punje ya mchele.

"Ndoo," alisema kwa sauti ya chini, "mwambie mama asiseme. Nitafukuzwa."

Niliviweka vichupa chini. "Ndoo, mwambie baba wa wajukuu zangu, kimeta hakifukuzi. Kinazika."

"Mama, nakuomba." Hapo hakuongea na ndoo.

Nikamshika mkono. Nikauvuta hadi chini ya bomba, nikafungua maji, nikamsugua sabuni gumba lile kama mtoto aliyechezea tope. Aligeuza uso ukutani, amefumba macho, kama mtu anayevuliwa nguo mbele za watu. Nikamwita msimamizi kwa ukelele.

Alikuja na fomu. "Mama, asubuhi ulimkagua? Tiki yako hii hapa."

"Sikumkagua. Hata siku moja sijawahi."

"Kwa nini?"

"Ni mkwe wangu."

Akamtazama mama wa Iringo kama anayetaka mkalimani. "Dada," mama wa Iringo akamwambia, "wewe tupe gari kwanza. Hayo ya ukwe utaelezwa njiani."

Walimpeleka hospitali, wakampa vidonge vya wiki nyingi. Mimi walinihamishia kufua makoti. Kila asubuhi, kabla sijanywa chai, nilimpigia binti yangu.

"Kidole?"

"Kiko sawa, mama."

Siku ya nne jibu likabadilika. "Mama, kuna kipele." Simu ikanidondoka. Nilikaa sakafuni pale pale, siwezi hata kuomba, mpaka mchana waliponiambia daktari amekitazama na ni cha joto tu. Tangu hapo simu ikiita nashtukaga, hata sasa.

Kidole kilipona. Hakufukuzwa, anakaguliwa na mwanaume mwenzake. Lakini akiniona barabarani anavuka ng'ambo, kuliko hata zamani.

Kinachonitisha ni asubuhi ile. Tulipogeuziana migongo, kwa pembe ya jicho nilimwona akivuta glavu, na nadhani niliuona ule mpasuko. Nikajiambia ni mkunjo. Au niliuona baadaye, na woga ndio umeusogeza nyuma? Mama wa Iringo anasema asubuhi ile alinisikia naguna. Mimi sikumbuki kuguna. Ninyi mliokuwepo, na yeyote aliyewasikia mkisimulia, kama nimekosea nisahihisheni, hata kama jibu ni lile ninaloliogopa.