Damu Iko Njiani

Mdogo wangu hana ubaya na mtu, ila kumwambia mwenzake "haiwezekani" kwake ni kumeza mwiba. Ukimwomba kitu asichonacho, atakuambia anakitafuta, nawe utangoja mpaka uote mvi. Nyumbani tulikuwa tunamcheka. Jamani, sicheki tena.

Tunafanya kazi hospitali moja. Mimi niko benki ya damu, yeye ni fundi wa mashine inayohifadhi kumbukumbu zote. Daktari akiomba damu, ombi hupitia kwenye mashine hiyo ndipo linifikie. Ikikwama, fundi huiwasha upya. Ikigoma, kazi yake ni moja tu: ayarudishe maombi yote yaliyokwama, kila wodi ione "Imeshindikana" na imtume mtu kwa miguu.

Asubuhi ile kompyuta yangu haikuleta ombi hata moja. Nikajisemea, leo afadhali. Nikapanda wodini kumjulia hali mama mdogo, aliyetulea sote wawili, ambaye alikuwa ametoka kupasuliwa. Nikamkuta midomo imempauka.

"Damu yake iko wapi?" nikamuuliza muuguzi.

"Si tumeshaomba, dada? Tunawangoja nyie." Akanigeuzia kompyuta. Imeandikwa: Inashughulikiwa.

Mungu wangu! Inashughulikiwa na nani, wakati mshughulikiaji ni mimi na sina habari? Nikampigia mwenzangu aanze kupima damu ya mama mdogo sasa hivi, kisha nikashuka ngazi mbio, kiatu kimoja kikabaki huko huko.

Mdogo wangu nilimkuta jasho linamtiririka, anaizima mashine na kuiwasha, anaizima na kuiwasha.

"Kwa nini hujayarudisha maombi?"

"Inakaribia kukubali, dada. Nikiyarudisha watu watalalamika."

"Walalamike! Mama mdogo anatutoka huko juu, wewe unaogopa kulalamikiwa?"

Akanitazama kama nimemzaba kofi. "Mama mdogo yumo humu?"

"Yumo, na wa wenzako wamo! Rudisha, nimekuambia!"

Akabonyeza. Simu za jengo zima zikalia kwa mpigo. Niliporudi kazini, wauguzi walikuwa wanasukumana dirishani, kila mmoja na karatasi yake. Damu ya mama mdogo ilikuwa imeshapelekwa, na muuguzi wake akanipigia kuniambia imeanza kuingia. Nikalia palepale, sikujali nani ananiona.

Mdogo wangu akaja kutusaidia kubeba. Foleni ilipokwisha akatokea muuguzi wa wodi ya wazazi, anatembea taratibu, mikono mitupu. Mdogo wangu akamkimbilia.

"Samahani sana, dada. Mnataka mifuko mingapi? Nitaileta mwenyewe."

"Hatuhitaji tena," akasema. "Mume wa yule mama yuko mlangoni. Anauliza kwa nini muda wote ule tulimwambia damu iko njiani."