Skrini ya Pini Sita

Siku ya kugawa vitu vya marehemu, mjane hasemi. Ndivyo tunavyofanya kwetu. Nilikaa kwenye mkeka huko nyumbani Seme, mguu wangu mbovu umenyooka mbele kama wa mtu mwingine, nikaangalia wanaume wa boma wakijipima makoti ya mume wangu. Viatu vilipata mwenyewe. Redio ikaenda. Jembe likaenda. Vitu vyake vyote vilikuwa vimeletwa kutoka nyumba yetu ya Kaloleni kwa pikapu ileile iliyoleta jeneza, kwa hiyo hakuna kilichobaki cha kuficha. Mwisho wakafika kwenye kompyuta.

Shemeji yangu mkubwa, yule wa duka la vipuri vya pikipiki, aliikumbatia skrini kabla mwingine hajasema. Jina lake silisemi, lakini Kaloleni wanamjua, na yeye akisomewa haya atajijua. Ilikuwa skrini ya zamani, ya rangi, nzito kama gunia la mahindi, na nyuma imetokeza kibiongo.

“Kompyuta ni yangu,” alisema. “Sisi ndio tulinyonya titi moja.”

Mpwa mmoja akaonyesha kibodi na kile kisanduku kidogo cha disketi kando yake. “Na hii, Baba?”

“Hiyo ni ya kubonyeza tu. Mwachie nyar Alego, atakatia sukuma wiki juu yake.”

Nyar Alego, msichana wa Alego, ndiyo mimi. Nina miaka hamsini na mbili na bado ni msichana wa mahali nilipotoka. Walicheka. Mimi nilijifunika leso usoni, wakadhani nalia. Nilikuwa nacheka pia, kwa sababu walikuwa wamenipa kompyuta. Ile mashine ilikuwa ya zamani sana, ya wakati kompyuta yenyewe ilijengwa ndani ya kibodi. Skrini ni kioo cha kuonyesha tu. Mume wangu aliniambia hivyo zaidi ya mara kumi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa napanguza vumbi na yeye aliogopa nitachomoa kitu. Waya wa skrini ulikuwa na plagi ya mviringo yenye pini sita. “Hii inaingia hapa tu,” aliandika. “Mahali pengine popote ni kuiua.”

Nasema aliandika kwa sababu alikuwa hasemi.

Alikuwa fundi wa maabara chuoni Maseno, na mashine ile waliitupa akaiokota. Mwaka juzi nilitaka kwenda kumwona dada yangu Muhoroni. Yeye hakutaka, alikuwa na mafua. Nilimsumbua asubuhi nzima mpaka akawasha pikipiki. Karibu na kiwanda tulikuwa nyuma ya trekta ya miwa, mchana kweupe, na mnyororo ulioshika mzigo ulikuwa umewahi kukatika, dereva akaunga kwa waya. Waya ukaachia, mzigo ukatumwagikia. Nilimwona yule dereva baadaye amekaa kando ya barabara akitafuna muwa. Muwa wa mzigo huohuo. Namtaja wa kwanza wa kulaumiwa, mtu wa waya, na kama bado anaendesha, Mungu amwonyeshe.

Miwa ilimponda mume wangu koo na mkono. Mimi ikanipa goti hili. Alirudi nyumbani na bomba shingoni, bila sauti, na vidole viwili tu vinavyotii. Simu aliikataa, herufi zake aliziona kama chawa. Na mimi nilitoka shule darasa la tatu, kusoma kwangu ni kwa kupapasa. Ndipo akaiweka ile mashine mezani, herufi kubwa kama za ubao, na akanitengenezea njia ya mkato kwa rangi. Nyekundu ni maumivu, au hasira, jambo la kweli. Kijani ni wageni wamezidi, watoe. Njano ni utani. Hivyo hata kabla sijamaliza kusoma nilijua nikimbie, au nifukuze watu, au nicheke.

Njano alikuwa anapenda sana. UGALI HUU TUNGEJENGEA CHOO. Siku moja aliandika kwa njano, UMENIPELEKA MUHORONI NIMERUDI BUBU, MAMA YAKO ALINIONYA, kisha akacheka vile alivyocheka siku hizo, mabega tu, na bomba likipiga filimbi. Mimi nikacheka. Usingizi sikupata lakini nilicheka.

Miezi minane tuliishi hivyo.

Siku aliyoandika mara ya mwisho nilikuwa nakaanga omena. Aligonga meza mara mbili, ndivyo alivyoniita. Nilipotoka jikoni na macho yangu yamejaa moshi, shemeji alikuwa anaingia kwa mlango wa mbele bila kubisha, kama kawaida yake. Mume wangu alibonyeza, kisanduku cha disketi kikakoroma kama kila alipohifadhi, skrini ikawa tupu. Niliona kulikuwa na mstari mmoja. Sikuona unasema nini wala una rangi gani.

“Ulikuwa unaandika nini, ndugu yangu?” shemeji akauliza. “Unanisema?”

Usiku ule kifua cha mume wangu kilishika, tukampeleka hospitali, na huko hakuna aliyempa kitu cha kuandikia. Siku ya pili alikufa.

Kwa hiyo tulikuwa wawili tunaotaka ule mstari, shemeji, akiogopa kwamba marehemu alimsema, na mimi. Tofauti ni kwamba yeye alidhani maneno yamelala ndani ya kioo, na mimi nilijua yako kwenye disketi, na disketi iko chini ya kitanda changu Kaloleni pamoja na kibodi, imefungwa kwa leso.

Akaanza kuzunguka Kisumu na ile skrini juu ya mkokoteni. Kila duka la kompyuta swali ni moja, inafanya kazi na kompyuta gani? Nilisimuliwa na jirani anayeuza mitumba karibu na maduka hayo.

“Mzee, hii ilishuka na Nuhu,” vijana walimwambia.

“Jibu swali. Inataka kompyuta gani?”

“Inataka marehemu, Mzee. Hizo zote zilishazikwa.”

Jirani alidhani atanichekesha, na alifaulu.

Mimi nilimpigia simu mwalimu mmoja wa Maseno, mama aliyefanya kazi na mume wangu, akaja Kaloleni Jumamosi na maandazi. Nilimweleza skrini imechukuliwa, akanifundisha kama mtoto. Alisema ukipata skrini ya zamani usikimbilie umeme. Kwanza geuza nyuma, soma kibandiko. Halafu hesabu pini za plagi, angalia zimepangwaje, kwa duara au kwa safu. Pini sita za duara kama zetu ni za kompyuta ndogo za nyumbani za zamani. Pini tisa kwa safu mbili ni za ofisi, za zamani vilevile. Kumi na tano kwa safu tatu, hizo ni za juzijuzi. Na hata ukilazimisha pini ziingie bado hujashinda, kwa sababu kila skrini ina mwendo wake wa kuchora mistari. Yetu inachora polepole. Kompyuta za siku hizi zinatuma kwa kasi karibu mara mbili, na skrini ya zamani ikilazimishwa kwa kasi hiyo itapiga kelele, na usipozima haraka itaungua.

“Itaungua kabisa?”

“Kabisa, mama. Lakini wewe usiogope. Kibodi yako ina tundu lingine, la televisheni. Nitatafuta waya. Maneno tutayaona.”

Nilisikia neno maneno nikaridhika. Namtaja huyu pia, ingawa ni mtu mwema aliyeleta maandazi. Alipaswa kusema kila kitu siku ileile.

Wiki ile shemeji alifika mlangoni. Alikuwa amekonda. Alikataa kukaa.

“Shemeji, wewe ndiye ulikuwa unapanguza ile kitu. Ilikuwa inafanya kazi na kompyuta gani?”

Chini ya kitanda, hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama, kulikuwa na jibu lake. Kama ningesema kweli angeibeba kibodi mbele yangu, na boma lote lingesema ni haki yake. Ningeweza kusema sijui. Mwanamke wa darasa la tatu hajui, nani angeuliza zaidi? Lakini nilikumbuka sukuma.

“Yoyote,” nikasema.

“Yoyote? Hata za siku hizi?”

“Hasa za siku hizi. Ni plagi tu haifanani. Mwambie fundi akate aunge.”

“Na mbona hukusema siku zote hizi?”

“Uliniuliza lini?”

Alinishukuru. Sikumbuki kama aliwahi kunishukuru kabla ya hapo. Nikamwambia nitamsindikiza, niione ikiwaka, ni ya mume wangu. Tukaenda mpaka kibanda cha fundi nyuma ya soko, yeye mbele, mimi na goti langu nyuma. Fundi mwenyewe ni mnene, ana cheti ukutani, na hakusoma hata kile kibandiko cha nyuma. Alikata plagi ya mume wangu kwa koleo akaitupa sakafuni, akamenya nyaya, akaziunga na plagi ya pini kumi na tano kwa kufuata rangi za plastiki. Niliiokota ile plagi nikaitia kwenye kifuko cha sidiria.

Akaichomeka kwenye kompyuta yake, akawasha. Skrini ikalia, mlio mwembamba, kama kitu kilicho hai kimekanyagwa. Mistari ikakimbia juu ya kioo, michafu, imelala upande.

“Inakuja!” shemeji akasema. “Naona maandishi!”

“Ngoja ishike,” fundi akasema.

Mimi nilijua huo ndio wakati wa kuzima. Mwalimu alikuwa ameniambia. Nilihesabu moyoni nikafika kumi na nne, kikapasuka kitu ndani, moshi ukatoka kwenye kibiongo na harufu ya nywele zilizoungua.

“Zima! Zima, yawa!” Shemeji alikuwa anaipiga kwa kofia. “Ndugu yangu yumo humo! Zima!”

Nilicheka mpaka goti likauma. Mbele yao, bila leso. Fundi akaniangalia akasema huyu mama amechanganyikiwa na msiba. Tangu siku ya trekta sikuwa nimejisikia vizuri hivyo.

Siku nne baadaye mwalimu alileta waya. Tulifunga milango mchana, tukaunga kibodi na televisheni yangu, disketi ikakoroma kama zamani, na mstari wa mume wangu ukatokea. Niliusoma kwa kidole.

NI WEWE ULITAKA TWENDE MUHORONI.

Mstari wenyewe ulikuwa wa kijivu.

“Rangi iko wapi?” nikauliza. “Televisheni yangu ni ya rangi.”

“Tundu hili halitoi rangi, mama. Rangi zilikuwa zinapita kwenye ile plagi ya pini sita. Ndiyo maana alitaka skrini ile.”

“Sasa hii ni nyekundu au ni njano?”

“Nyekundu hutoka kijivu kizito, njano kijivu chepesi. Ungekuwepo mstari mwingine tungelinganisha.” Alisogea karibu na kioo, akarudi nyuma. “Ukiwa peke yake siwezi kusema. Kwani maneno si umeyasoma?”

Kwa njano ni mume wangu ananitania kama siku zote, na nimesamehewa. Kwa nyekundu ni hukumu. Tulizima tujaribu tena na disketi ikasaga, ikakataa. Mwalimu alijaribu mpaka jasho likamtoka. Ilikuwa nzee, alisema. Imejitahidi.

Skrini iliyojua rangi ile nilikuwa nimeihesabia mpaka kumi na nne.

Mwezi uliopita shemeji alikuja tena. Amesikia kwa jirani kwamba mwalimu alikuja na waya. Siku hizi anafunga na kuomba, duka linashinda limefungwa, kipara kimemshuka hadi masikioni. Safari hii alikaa. Alikaa chini, kama nilivyokaa mimi siku ile ya kugawa.

“Shemeji, niambie tu. Alisema nini?”

Nilimchelewesha. Nilimpikia chai kwanza.

“Alisema ni wewe,” nikamwambia. “Neno la kwanza kabisa. Ni wewe.”

“Kwa rangi gani?” Alijua njia yetu ya rangi, alikuwa amezoea kufukuzwa kwa kijani.

“Nyekundu.”

Alilia kwenye sakafu yangu na chai ikapoa. Sikumzuia, wala sitamwambia vingine. Alipoondoka niliosha kikombe, nikatoa ile plagi nikahesabu pini zake kama ninavyofanya kila siku, sita, na bado sijui ya kwangu ilikuwa rangi gani.