Tulimaliza mkopo wa nyumba Lubumbashi, tukapanga kila kitu isipokuwa saini yangu

Wakuu, heshima kwenu. Nawaandikia kutoka Lubumbashi. Kiswahili chetu huku kina Kifaransa kingi, mtanivumilia. Haya yamenikuta mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mume wangu, Papa Nadège, alikuwa fundi mitambo kwenye atelier moja, karakana ya malori, huko Kipushi.

Tulilipa crédit ya nyumba miaka kumi na moja. Nguo za sikukuu tulizisahau. Mchango wa harusi tulijificha, nakiri.

Siku benki ilipotupa karatasi ya kuonyesha deni limekwisha na nyumba ni yetu, nilipika kuku. Tukakaa mezani kupanga maisha mapya, maana sasa mshahara wake wote ungebaki.

Yeye alitaka kujenga annexe ya vyumba viwili uani, tupangishe, itulishe uzeeni. Wazo zuri kabisa.

Mimi nilikuwa na ombi moja. Mshahara wake na akiba yetu vilikuwa kwenye compte ya benki ya jina lake peke yake. Nikamwambia, "Mi nataka compte ikuwe ya sisi bote babili."

Akacheka, bila ubaya. "Papier haina miguu, mama, haikimbii. Tuanze na annexe kwanza."

Sikubishana. Hapo ndipo kosa langu lilipo. Niliogopa aone kama ninamsubiri afe.

Tukanunua matofali, msingi ukachimbwa.

Mwezi wa tatu tangu tuanze kujenga, nikiwa darasani, wenzake wakapiga simu. Ameanguka kazini. Kiharusi.

Alipona, kama kupona ndiko kule. Mkono wa kuume ulikufa, maneno yakakatika. Daktari akasema anahitaji mazoezi ya viungo kila siku, na yaanze mapema.

Nikaenda benki kutoa pesa za mazoezi. Binti wa dirishani alinisikiliza vizuri, hata macho yake yalilowa. Lakini akasema, "Mama, pasipo signature yake siwezi. Ile compte iko yake peke yake."

Basi nikampeleka mwenyewe, kwa taxi, kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima.

Wakampa kalamu. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akavuta mstari mmoja uliopinda mpaka nje ya karatasi. Wakamletea nyingine. Ikawa vilevile.

Watu waliokuwa kwenye foleni wakaangalia chini. Mume wangu akaniangalia mimi, machozi yanamtoka, na hakuweza hata kuyafuta.

Huyo ni mwanaume aliyeweza kufungua injini ya lori na kuirudisha, bila kusaza hata bulon moja ya kukazia.

Wakanielekeza mahakamani nikaombe ruhusa ya kusimamia mali yake. Wakuu, msiombe mfike huko. Rudi kesho, leta cheti hiki, kile kina kosa la herufi.

Nikauza matofali. Mazoezi yakawa mara moja kwa wiki, kisha yakasimama.

Mwisho nikapangisha nyumba yetu, ile ile ya miaka kumi na moja, tukahamia vyumba viwili vya watu kule Katuba.

Karatasi ya mahakama ilitoka baada ya miezi tisa. Sasa pesa naitoa. Daktari anasema mkono hautarudi tena.

Nilipomwonyesha ile karatasi, alisoma jina langu polepole, akageukia ukutani. Hatujawahi kulizungumzia. Angesema nini, na kwa maneno gani?

Nilichojifunza: mkimaliza mkopo, kabla ya tofali la kwanza, nendeni benki wote wawili mkiwa wazima. Anayeomba jina lake liandikwe hakutakii kifo.

Kama kuna aliyepitia mahakama kwa jambo kama hili, aniambie alivyoishi na mwenzake baadaye. Na wewe ambaye hujapitia, usianze na kunipa pole. Kamuulize kwanza mwenzako: nikishindwa kushika kalamu kesho, utafanyaje? Halafu rudi hapa utuambie alichojibu.