Fundi Alisema Amefunga Breki

Leo nusura nimuue dada yangu Makena kwa sababu ya neno moja.

Mnaijua ile pikapu kuukuu ya marehemu baba, ninayoitengeneza kwa safari zetu za kambi. Jana fundi alimaliza kuchomelea keria ya hema, akaniambia, "Breki za nyuma nimefunga."

Nikamshukuru. Nilidhani amezikaza.

Leo nikashuka nayo mteremko wa Githongo, Makena kando yangu. Nikakanyaga breki. Gari likapunguza mwendo kidogo tu, likaendelea.

Tulisimamishwa na miti ya kahawa ya watu.

Mama mwenye shamba akatoka, akaitazama ile keria ya hema. "Wewe kijana, hema unapiga kwa kahawa yangu?"

Sikuweza kucheka.

Nikampigia fundi.

"Si nilikuambia? Paipu ya nyuma ilikuwa inavuja, nikaifunga mafuta ya breki yasipite. Za mbele zinatosha, bosi."

Makena alienda nyumbani kwa miguu.

Ninyi wanne wa safari ya kambi ya Jumamosi, safari haipo. Nikasirikieni tu. Tungeshuka mteremko huo huo, mizigo juu, nanyi nyuma mkiimba.