Kompresa ya AC ililia kila mama mkwe akipanda gari, nikachanganyikiwa kabisa

Wakuu, salaam kwenu mlioko barabarani na mlioko chini ya boneti.

Naleta jambo lililonivuruga kichwa kiangazi kilichopita. Chumvi sitaongeza. Anayejua magari kunizidi anisahihishe, maana hadi leo kuna sehemu sijazielewa vizuri.

Mimi ni Mkenya, nauza magodoro hapa Busia. Mke wangu anaitwa Athieno, kwao ni Merikit, upande wa Tororo, Uganda. Mama yake ana pumu. Kliniki yake iko Tororo mjini, na ile njia ya kutoka kwao mpaka lami, kiangazi ni vumbi tupu. Lori moja likiwatangulia, mama anakohoa mpaka unaogopa kumtazama.

Kwa hiyo kila tarehe yake ya kliniki nilikuwa naenda kumchukua. Vioo juu, AC on, mama nyuma na binti yake.

Nikiwa peke yangu AC huwa siwashi. Nashusha vioo, upepo unatosha.

Kwa wasiojua, mimi na mama mkwe hatupigi stori. Kwao mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Akiwa na neno anamwambia Athieno, Athieno ananiletea, hata kama tumo ndani ya gari moja. Nilishazoea.

Basi siku hiyo tumetoka kwao tu, nikawasha AC, nikasikia kitu kinasaga huko mbele. Grrrrr. Kama posho mill imewekewa mahindi yenye mawe.

Nikazima AC, nikashusha kioo kidogo. Kimya.

Nikapandisha, nikawasha. Grrrrr.

Nikasema hiyo ni kompresa. Wewe ungesema nini?

Nikaenda kwa fundi mmoja upande wa Uganda, Wandera, mtu mchangamfu sana. Akawasha AC, akasikiliza, akacheka.

"Boss, hiyo gas imekwisha. Mimi naongeza tu, utasikia inanyamaza."

Akaongeza. Nikafika barabarani, ile grrrrr iko palepale, na juu yake sasa kuna ko-ko-ko, kama mtu anabisha hodi. Nikamrudia.

"Basi kompresa imekufa," akasema. "Tafuta ingine."

Lakini baridi ilikuwa inatoka vizuri! Kompresa iliyokufa inatoaje baridi? Jirani yangu dukani, aliyewahi kuendesha malori, akaniambia ni belt. Tukabadilisha belt. Grrrrr. Ko-ko-ko.

Wakuu, nilichanganyikiwa. Nikawa naendesha huku nimeinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza mwewe. Kila ikianza nasonya. Kuna siku nilisema kwa sauti, "Hii AC itaniulia gari." Mama alikuwa nyuma.

Haikupita muda Athieno akaniambia, "Mama anasema amepata nafuu. Usisumbuke kwenda kumchukua tena."

Nikamuuliza, pumu nayo inapona hivihivi? Akasema ndivyo alivyosema mwenyewe. Na mimi sikubisha sana, ukweli ndio huo. Gari ikapumzika, nami nikapumzika.

Asubuhi moja simu ikaingia kwa Athieno kutoka Mukuju, njiani kwenda Tororo. Mwenye duka mmoja anasema kuna mama ameshuka kwenye boda hapo mbele yake, hawezi kuongea, kifua kinapiga filimbi. Amepata namba kwenye simu ya huyo mama. Anamtafutia gari ya kumfikisha Tororo, tumfuate huko.

Sikumbuki tuliendaje. Nakumbuka Athieno akirudia, "Boda? Boda kwenye hilo vumbi?"

Tulimkuta kliniki amewekewa mask, macho mekundu. Alikuwa njiani kwenda kuchukua dawa zake, kwa boda, bila kumwambia mtu. Na haikuwa mara ya kwanza.

Athieno akamuuliza kwa Dhopadhola, lugha ya kwao, huku analia. Mama akajibu polepole akitazama ukuta. Athieno akanigeukia.

"Anasema gari yako inalia kwa sababu yake."

"Nini?"

"Anasema wewe ukiwa peke yako hauwashi hiyo kitu ya baridi. Akipanda yeye ndiyo unawasha, na gari inaanza kulia. Hataki akuharibie gari."

Nilitaka kusema si kweli. Lakini gari ilikuwa inalia akipanda yeye! Mimi mwenyewe ndivyo nilivyokuwa nasikia.

Aliporuhusiwa, nikaulizia fundi wa AC hapohapo Tororo, nikaelekezwa kwa mama mmoja, Nafula. Tukaenda wote watatu.

Nafula hakugusa AC. Aliniambia niwashe injini tu, AC off, akafungua boneti. Nikashuka nikasimama naye.

Grrrrr.

"Lakini AC nimezima," nikamwambia.

"Najua."

Kumbe, wakuu, puli ya kompresa inazungushwa na belt muda wote injini ikiwaka, AC on au off. Beringi yake ndiyo ilikuwa imekufa. Nikiwa peke yangu vioo viko chini, upepo na malori vinafunika kelele. Akipanda mama, vioo vinapanda, ndani panatulia, ndipo nasikia. Na siku ile ya kwanza nilipozima, nilishusha kioo papo hapo, upepo ukaingia.

Akazima injini, akatoa belt, akazungusha puli kwa mkono. Inakwaruza. Ile ko-ko-ko ilitokana na gas aliyozidisha Wandera, wakati haikuwa imepungua hata kidogo. Yaani kelele ya pili tuliitengeneza sisi.

Athieno akamwita mama aje. Nafula akamshika mkono, akauweka kwenye puli.

"Zungusha, mama. Unasikia? Hii ilikuwa inalia hata siku ambazo wewe uko kwako unapika."

Mama akazungusha. Akazungusha tena. Halafu akasema kwa Kiswahili, akiiangalia puli na si mimi:

"Kumbe si mimi."

Nikajibu, "Si wewe, mama." Sikujua niangalie wapi.

Beringi ikabadilishwa, gas ikapunguzwa kwa mashine. Kompresa ni ileile ya zamani, na gari imenyamaza.

Nilichojifunza: kabla hujaongeza gas au kununua kompresa, simamisha gari, zima AC, fungua boneti, sikiliza. Kelele ikiwepo AC ikiwa off, anza na puli na beringi. Na kama una mgonjwa nyuma, chunga unachosonya, maana hujui anakisikiaje.

Sasa swali, na hapa ndipo bado nimekwama. Nataka kumwambia mama, mimi mwenyewe na si kupitia kwa Athieno, kwamba hata gari ingekuwa inalia kwa sababu yake kweli, bado ningeenda kumchukua. Kwa desturi ya huko, mkwe anaanzaje maneno kama hayo?

Mliooa pande za Tororo, nielekezeni. Ijumaa naenda kumchukua.